Yuri Levada na Upimaji wa Rai Katika Urusi

Mwenye nguvu asiyependa kitabu hukichoma, na asiyependa gazeti hulifunga. Lakini asiyependa hesabu ya rai za watu hana haja ya moto wala kufuli. Yatosha abadilishe majina ya watu wakaao katika halmashauri ya wale wanaohesabu. Ndivyo ilivyokuwa Moscow mwaka wa 2003. Katika kisa cha Yuri Levada hamna askari, hamna gereza, wala hamna hata swali moja lililokatazwa kwa maandishi. Mna karatasi ya wizara, mna kampuni mpya ya hisa, na mna mzee wa miaka 73 aliyeacha kiti alichokikalia kwa miaka 11 akatoka, na karibu watumishi wote wa kituo chake wakatoka pamoja naye. Kwa kuwa mambo yalikwenda kimya hivyo, ilisemwa kwamba hapakuwa na siasa hapo hata kidogo, ila marekebisho ya mali ya serikali. Hoja hiyo itatazamwa mahali pake. Kwanza hapana budi kuitazama nchi yenyewe, maana katika nchi ile kuhesabu watu, na kuhesabu fikira zao, kulipata kuwa kazi ya kuhatarisha roho.

Tarehe 6 Januari, 1937, watu wa Umoja wa Kisovieti walihesabiwa. Stalin alikuwa amekwisha kuliambia baraza kuu la chama chake, miaka mitatu kabla ya hapo, kwamba raia walikuwa milioni 168, na ilitazamiwa kwamba tangu siku ile wamezidi. Hesabu ilipojumlishwa ikatoka milioni 162. Sababu ilijulikana na kila mwanakijiji. Katika miaka ya 1932 na 1933 njaa kuu ilipita Ukraine, Kazakhstan na nchi za mto Volga, na wafu hawaji kuandikishwa. Tena karatasi ya sensa ilikuwa na swali la dini, na zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 16 na zaidi walijibu kwamba wanaamini, baada ya miaka karibu 20 ya kuhubiriwa kinyume. Septemba ya mwaka uleule serikali iliitangua hesabu yote. Olimpiy Kvitkin aliyeiongoza kazi ya sensa, na Ivan Kraval aliyekuwa mkuu wa idara ya takwimu, walikamatwa wakapigwa risasi. Sensa nyingine ilifanywa Januari 1939, nayo ikatoa milioni 170, hesabu ya kupendeza. Mtu hujiuliza yule aliyejumlisha mara ya pili alilala usingizi wa namna gani.

Mambo hayo si ya kupita tu. Yanaeleza kwa nini elimu ya jamii ilikaa kimya katika nchi ile kwa muda wa kizazi kizima. Ilidhaniwa kwamba chama kinajua watu wanafikiri nini, na kama kinajua, kuna haja gani ya kuwauliza? Stalin alipokwisha kufa, mlango ulifunguliwa kidogo. Mwaka wa 1960 Boris Grushin, kijana mwanafalsafa, alianzisha taasisi ya rai za umma ndani ya gazeti la vijana, Komsomolskaya Pravda. Swali lake la kwanza lilikuwa kama binadamu wataweza kuiepuka vita, akaliuliza kwa watu 1,000 katika vituo 10 vilivyofuata mstari wa longitudo ya 30. Kwa mizani ya leo sampuli hiyo ina kasoro, na swali lenyewe halikuweza kumkera mkubwa yeyote. Hata hivyo lilikuwa swali, na waliojibu walijibu kwa vinywa vyao wenyewe. Taasisi ile ilifungwa mwaka wa 1967.

Levada alikuwa rika moja na Grushin. Alizaliwa Vinnytsia, katika Ukraine, mwezi wa Aprili 1930, akasoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Moscow, akamaliza mwaka wa 1952 wakati Stalin yu hai. Aliandika juu ya dini kama jambo la jamii, na katika miaka ya 1960 akawa miongoni mwa watu wa kwanza kufundisha sosholojia katika chuo kile, kwa wanafunzi wa uandishi wa magazeti. Mihadhara yake ilipigwa chapa katika vitabu viwili vidogo mwaka wa 1969, nakala chache tu. Wakati ulikuwa mbaya. Agosti ya mwaka uliotangulia vifaru vilikuwa vimeingia Prague, na wakubwa wa chama walikuwa wakizipekua karatasi za wasomi kutafuta sumu ileile iliyowatia hofu kule. Katika mihadhara ya Levada waliona kwamba jamii inaelezwa kama kitu chenye mwendo wake, na chama hakikupewa nafasi yake ya kuwa chanzo cha kila mwendo. Alishutumiwa katika mikutano, akanyang'anywa cheo cha uprofesa, na ufundishaji wake ukakoma.

Mwaka wa 1972 pigo la pili likafuata. Taasisi ya uchunguzi wa jamii aliyokuwa akifanya kazi humo ilipewa mkuu mpya ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha, na idara ya Levada ikavunjwa. Yeye akapata mahali pa kujibanza katika taasisi ya uchumi na hesabu, ambako mtu aliweza kukaa na vitabu vyake bila ya kusumbuliwa sana, mradi asipige kelele. Ndipo ilipoendelea ile semina yake iliyokuja kuwa maarufu. Haikuwa na cheti wala mtihani. Ilihama kutoka jengo moja kwenda jingine, kwa kuwa kila mwenye nyumba alichoka kuulizwa ni mkutano gani unaofanyika kwake. Waliokuja walikuja kusikiliza. Miongoni mwa waliozunguka meza ya Levada walikuwamo Lev Gudkov, Boris Dubin na Alexei Levinson, ambao majina yao yatafaa kukumbukwa. Hapo ndipo jibu la swali moja gumu la mwaka wa 2003 lilipo: kwa nini watu walimfuata? Walimfuata kwa sababu walikwisha kumfuata zamani, wakati kumfuata hakukuwa na mshahara.

Gorbachev alipokuja na siasa yake ya uwazi, nchi iligundua kwamba haina kioo cha kujitazamia. Kituo cha kupima rai za umma kiliundwa mwishoni mwa mwaka wa 1987, na herufi zake kwa Kirusi ni VTsIOM. Aliyewekwa kukiongoza ni Tatyana Zaslavskaya, mwanauchumi kutoka Novosibirsk ambaye ripoti yake ya mwaka wa 1983 juu ya ubovu wa uchumi ilivuja hadi nchi za nje na kumletea karipio la chama. Grushin alikuwa msaidizi wake kwa muda. Levada aliingia mwaka wa 1988 akiwa na umri wa miaka 58, akaja pamoja na wanafunzi wake wa semina. Mwaka wa 1992 Zaslavskaya alipompisha, Levada akawa mkurugenzi. Kwa kufa kwa Umoja wa Kisovieti, herufi ya kwanza ya jina la kituo iligeuka maana, ikaacha kuwa ya Umoja ikawa ya Urusi, wala hapakuwa na haja ya kubadili kibao cha mlangoni.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1989, lilitokea jambo lililoonyesha kwamba uwazi nao ulikuwa na mpaka wake. Gazeti la Argumenty i Fakty, lililokuwa likiuza nakala zaidi ya milioni 20, lilipanga majina ya wabunge kwa kadiri walivyotajwa kwa sifa katika barua za wasomaji. Andrei Sakharov alikuwa juu kabisa. Kwa mtaalamu wa takwimu barua za wasomaji si sampuli, ni barua tu. Lakini Gorbachev hakulikasirikia kosa la takwimu. Mwezi wa Oktoba aliwakusanya wahariri na kumwonyesha Vladislav Starkov, mhariri wa gazeti hilo, kwamba ingefaa ajiuzulu. Starkov akakataa. Watumishi wake wakasimama naye, wasomaji wakapiga kelele, na mhariri akabaki kitini mwake.

Kisa cha Starkov chafaa kuwekwa kando ya kisa cha Levada, maana kwa haraka mtu angeweza kuuliza: ikiwa mmoja aliweza kukataa kuondoka, mwingine kwa nini aliondoka? Tofauti ni katika namna ya kushambuliwa. Starkov aliambiwa aende zake waziwazi na mtu mwenye jina na uso, na jambo la waziwazi huweza kujibiwa waziwazi. Levada hakuambiwa na mtu yeyote kwamba amekosa.

Upimaji wa rai ni kazi yenye milango mingi, na kila mlango mwizi aweza kupitia. Kituo cha Levada kilizoea kuwauliza watu wazima 1,600, mjini na shambani, waliochaguliwa kwa kanuni ili wachache wasimame mahali pa wote. Muulizaji aliingia nyumbani kwa mtu, akakaa naye, akamsomea maswali, akaandika majibu. Basi swali laweza kuandikwa kwa namna inayomvuta mjibuji upande mmoja. Swali la haki laweza kuwekwa baada ya maswali matano yanayomlainisha. Watu wa kuulizwa waweza kuchaguliwa kwa hila. Na hata kama yote hayo yamefanywa kwa uaminifu, tarakimu zaweza kutiwa katika saraka hadi uchaguzi upite. Haihitajiwi kusema uongo hata mara moja. Ndiyo sababu katika kazi hii halmashauri ya wakurugenzi ina uzito kuliko ionekanavyo kwa mtu wa nje, kwa kuwa ndiyo inayomweka mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye mwenye funguo za milango yote.

Kazi kubwa ambayo Levada aliipenda haikuwa ya uchaguzi. Tangu mwaka wa 1989 yeye na wenzake walikuwa wakimchunguza yule waliyemwita mtu wa kawaida wa Kisovieti, na walirudi kwake tena na tena kila baada ya miaka kadhaa. Walipoanza, walitumaini kwamba mtu huyo atatoweka pamoja na wazee, na vijana watakuwa watu wengine. Miaka ya 1990 haikuwapa haki. Waliona kwamba mazoea ya zamani yanarithiwa, na kwamba mtu wa Urusi alijifunza chini ya utawala mkali kuwa na fikira mbili kichwani, moja ya kusemwa na moja ya kuishi nayo. Huyu Levada alimwita mtu mwerevu wa hila, naye hakukusudia tusi. Alikuwa akimweleza mtu ambaye kwa miongo mingi aliokoka kwa kujipatanisha na kila amri na kuikwepa kila amri. Mwanachuoni aliyekuwa akitafuta habari za watu wakombolewa aliandika, bila ya kupunguza, kwamba hawajakombolewa. Ni vema kulishika jambo hili, kwani linaonyesha tabia yake: Levada hakuwa mtu wa kuzipanga tarakimu zikae upande wa matumaini yake.

Kisha akaja Vladimir Putin. Agosti 1999, alipofanywa waziri mkuu, kituo kilipata kwamba asilimia 31 ya watu wanaikubali kazi yake. Januari 2000 walikuwa asilimia 84. Tarakimu hizo zilitoka katika kituo kilekile na kutangazwa na watu walewale, na Ikulu ya Kremlin haikupata sababu ya kulalamika. Kilichompandisha juu hivyo kilikuwa vita ya pili ya Chechnya, iliyoanza vuli ya mwaka 1999 baada ya majumba kulipuliwa Moscow na kwingineko. Mwanzoni watu wengi waliitaka vita iendelee. Miaka ilipopita na maiti kurudi, rai ikageuka, na wengi wakawa wanasema afadhali kuzungumza. Kituo cha Levada kiliuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, na kikatangaza jibu jipya kama kilivyotangaza la zamani. Mtu aliyependa kioo mwaka wa 2000 alianza kukinunia.

Sasa juu ya mwaka wa 2003. Uchaguzi wa bunge la Duma uliwekwa Desemba 7, na ule wa rais Machi 14 ya mwaka uliofuata. Mwezi wa Agosti ilijulikana kwamba wizara iliyosimamia mali ya serikali imekusudia kukigeuza kituo kiwe kampuni ya hisa, na hisa zote ziwe mkononi mwa serikali. Kisheria kituo kilikuwa shirika la serikali, ingawa kwa miaka mingi hakikupewa fedha ya hazina. Kiliishi kwa malipo ya wale waliokiagiza uchunguzi, wenye biashara, magazeti, vyuo na mashirika. Serikali ilikuwa baba asiyelisha lakini mwenye cheti cha kuzaliwa. Ilikuwa hivyo tangu siku za Zaslavskaya, na hakuna aliyeona haja ya kulirekebisha jambo hilo wakati lilipowezekana kurekebishwa. Kosa hilo, kama ni kosa, ni la wataalamu wenyewe. Waliamini kwamba heshima ya kazi yao itawalinda kuliko karatasi.

Watetezi wa wizara walisema kwamba mashirika ya namna hiyo yalikuwa yakigeuzwa nchini kote. Ni kweli kwamba yalikuwa yakigeuzwa. Laiti mambo yangalikoma hapo, ingalikuwa vigumu kumlaumu mtu, na Levada angaliweza kuendelea kufanya kazi chini ya jina la kampuni kama alivyofanya chini ya jina la shirika. Ila kampuni huwa na halmashauri ya wakurugenzi, na halmashauri iliyotajwa ilikuwa ya maofisa wa wizara na wa ofisi ya rais. Wataalamu waliokijenga kituo hawakupewa kiti. Hapo ndipo hoja ya marekebisho inapoanguka. Mtu anayetaka kutengeneza hesabu za fedha za shirika la utafiti hana sababu ya kumweka mezani mtumishi wa mgombea wakati uchaguzi umebaki miezi michache. Yawezekana maofisa hao wasingaligusa hata swali moja. Walakini kila tarakimu ambayo ingalitoka tangu siku ile ingalitoka chini ya mkono wao, na msomaji wa gazeti asingalikuwa na njia ya kujua kama mkono ulisogea au ulitulia.

Levada alikuwa na njia tatu mbele yake. Aliweza kubaki na kupigana ndani, akitumaini kwamba jina lake litawatia haya maofisa. Wako watu wema waliochagua njia hiyo mahali pengi duniani, na si haki kuwaita waoga. Mwingine ameokoa mengi kwa kukaa kimya penye kiti kuliko angaliyookoa kwa kuondoka. Aliweza kustaafu, maana umri ulimruhusu, na hakuna ambaye angalimlaumu. Njia ya tatu ilikuwa kutoka na kuanza upya bila ya nyumba, bila ya jina, na bila ya ahadi kwamba mteja hata mmoja atamfuata. Mwezi wa Septemba aliishika hiyo ya tatu. Serikali ilimweka mahali pake Valery Fyodorov, kijana asiyezidi miaka 30, mchambuzi wa siasa.

Lililokipa kitendo cha Levada uzito wa pekee si kwamba alijiuzulu. Mtu mmoja akijiuzulu, kituo hubaki, na habari yake husahauliwa kwa muda wa mwezi. Huyu alifuatwa. Walitoka wakuu wa idara, walitoka wachambuzi, walitoka Gudkov na Dubin na Levinson waliokuwa pamoja naye tangu siku za semina. Asubuhi moja wizara iligundua kwamba imechukua jengo, na meza, na jina linalojulikana na kila gazeti, lakini wale waliojua namna ya kuuliza wako upande wa pili wa barabara. Hasara ilikuwa pande zote mbili. Jarida lao la miaka mingi lilibaki nyuma pamoja na jina, wakaanzisha jingine. Waliiita nyumba mpya VTsIOM-A, kana kwamba kwa kuongeza herufi moja wangeweza kuokoa nasaba. Wenye mamlaka wakawazuia. Machi 2004, mwezi uleule Putin aliochaguliwa mara ya pili, wakajiita Kituo cha Levada. Basi jina la serikali liliwanyang'anya jina la kazi, wakatumia jina la mtu, ambalo halikuwa katika daftari la mali ya wizara.

Levada alikiongoza kituo hicho muda mfupi. Alifariki Novemba 16, 2006, na Gudkov akashika mahali pake.

Je, kituo kilichobaki mkononi mwa serikali kiligeuka kuwa kiwanda cha uongo? Kwa kweli haikuwa hivyo, na anayetaka kukiandika kisa hiki kwa rangi mbili tu, nyeupe na nyeusi, atapotea hapa. VTsIOM ya Fyodorov iliajiri watu wenye elimu, na mara nyingi tarakimu zake hazikuwa mbali sana na zile za Kituo cha Levada. Tofauti ilijitokeza siku ya shida. Mwezi wa Mei 2019 VTsIOM ilitangaza kwamba katika swali lake la wazi, ambalo mjibuji hutaja mwenyewe majina ya wanasiasa anaowaamini, aliyemtaja Putin ni asilimia 31.7 tu. Msemaji wa Kremlin akasema kwamba angependa kupata maelezo. Siku chache baadaye kituo kikatoa swali jingine, ambalo jina la Putin lilitajwa na mjibuji akaulizwa kama anamwamini au hamwamini, na asilimia 72.3 wakasema wanamwamini. Maswali yote mawili ni halali katika elimu hii. La kwanza lapima jina gani liko mdomoni, la pili lapima jibu gani litatolewa ukiulizwa jina. Lakini mtaalamu aliyebadili swali baada ya kuulizwa na Ikulu amekwisha kueleza, bila ya kutaka, kazi ya halmashauri ile ya mwaka wa 2003 ilikuwa nini.

Upande wa pili nako kuna jambo la kuuma. Baada ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka wa 2014, Kituo cha Levada kilipata kwamba wanaomkubali Putin wamepita asilimia 80, na mwezi wa Juni 2015 wakafika 89. Tarakimu hizo zilirudiwa kwa furaha katika televisheni ya serikali, na watu waliokuwa marafiki wa kituo waliumia. Wengine walisema kwamba ni bora kuacha kuuliza kabisa katika nchi ambayo anayebisha hodi mlangoni hudhaniwa kuwa ametumwa na serikali. Hoja yao si ya kupuuzwa. Katika hali ya hofu jibu huwa na kitu cha mtu na kitu cha hofu, na hapana mizani iwezayo kuvitenga kabisa. Lakini Levada alikuwa amekwisha kuwajibu kabla hawajasema, katika maandishi yake juu ya mtu mwenye fikira mbili: kinachopimwa ni kile ambacho mtu yu tayari kukisema mbele ya mgeni, na hicho nacho ni tukio la kweli katika jamii, lenye nguvu ya kuanzisha vita na kuidumisha. Aliyejiuzulu kwa ajili ya uhuru wa hesabu hakujiuzulu kwa ajili ya hesabu fulani. Kama wanafunzi wake wangalizificha tarakimu zile za mwaka 2015 kwa kuwa zinamfaa mtawala, wangalikuwa wamekaa wenyewe katika viti vya halmashauri waliyoikimbia.

Serikali nayo haikuwasahau. Sheria ya mwaka wa 2012 iliyaruhusu madaraka kuliita shirika lolote linalopokea fedha kutoka nje na kufanya kile kinachoitwa siasa kuwa wakala wa kigeni, neno ambalo masikioni mwa Mrusi aliyekulia zama za Kisovieti halina tofauti kubwa na jasusi. Waendesha mashtaka walikionya kituo mwaka wa 2013. Septemba 5, 2016, majuma mawili kabla ya uchaguzi wa Duma, kikaandikwa rasmi katika orodha hiyo. Tangu hapo muulizaji wa Kituo cha Levada alikuwa akibisha mlango wa mtu akiwa na jina hilo mgongoni.

Wakala wa kigeni hana ruhusa ya kujiingiza katika uchaguzi, na kutangaza rai za wapiga kura kungeweza kuhesabiwa kuwa ni kujiingiza. Januari 2018, wakati kampeni ya urais ilipokuwa ikiendelea, Gudkov alieleza kwamba kituo hakitachapisha tarakimu za uchaguzi huo mpaka kura zipigwe, kwa kuwa kikifanya hivyo chaweza kutozwa faini au kufungwa. Uchunguzi wenyewe haukusimama. Wauliza maswali waliendelea kuingia majumbani, kukaa na watu, kusoma maswali kwa maneno yaleyale na kuandika majibu. Na karatasi zilipofika Moscow zilihesabiwa, zikawekwa ndani.